Maswali ya Wasomaji: Ndege ya Kitabuni na Ndege ya Angani

Katika toleo lililopita tuliandika aya chache kuhusu vitabu ambavyo majeshi huvitumia kuwafundisha askari kutambua ndege kwa macho, yaani kuitazama ndege inayopita na kusema ni ya aina gani, na pengine ni ya nani, kabla ya amri ya kufyatua kutolewa. Barua zilizotufikia baada ya hapo ni nyingi kuliko ukurasa huu unavyoweza kubeba, na nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: inakuwaje kitabu cha jeshi, kilichoandikwa na watu wenye ujuzi na kupitishwa na wakubwa wao, kikawa na makosa? Tumechagua barua tano.

SWALI: Nimenunua kwa muuza vitabu vya mtumba kijitabu cha Kiingereza cha wakati wa Vita Kuu ya Pili, chenye vivuli vyeusi vya ndege za Kijerumani. Ukurasa mmoja unaonyesha ndege ya kivita iitwayo Heinkel He 113, lakini katika vitabu vipya nilivyotafuta sijaiona kamwe. Je, hilo ni kosa la mpiga chapa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mpiga chapa hana kosa. Alichapa alichopewa, na aliyempa aliamini kwa moyo wote kwamba ndege hiyo ipo. Iliyokuwepo kweli ni Heinkel He 100, ndege yenye mbio za ajabu kwa wakati wake, ambayo tarehe 30 Machi 1939, ikirushwa na rubani Hans Dieterle, iliweka rekodi ya dunia ya kilomita 746 kwa saa. Pamoja na mbio hizo, Jeshi la Anga la Ujerumani halikuichukua, kwa kuwa lilikwisha kuitegemea Messerschmitt Bf 109, na He 100 za mwisho, 12 tu za toleo la D-1, zikaachiwa kazi ya kulinda kiwanda cha Heinkel chenyewe. Mwaka 1940 wenye kazi ya propaganda walizichukua ndege hizo chache, wakazipaka alama za vikosi ambavyo havikuwepo, wakabadilisha alama hizo ili ndege zilezile zionekane kuwa nyingi, wakazipiga picha na kuzitangaza kwa jina la He 113.

Waingereza waliziona picha hizo, wakachora vivuli, wakaviingiza katika miongozo yao. Matokeo yake ndiyo yanayonivutia zaidi kuliko hila yenyewe. Katika mapigano ya anga juu ya Uingereza mwaka huohuo wa 1940, marubani waliandika katika taarifa zao kwamba wamekutana na He 113, na wengine waliandika kwamba wamezitungua. Hawakuwa waongo. Walichokutana nacho ni Bf 109 iliyoonekana kwa sekunde mbili au tatu, kwa pembe isiyo ya kawaida, nao walikwisha kupewa na kitabu jina la kuiita Messerschmitt yoyote isiyofanana sawasawa na ile waliyoizoea. Taarifa zao zilirudi ofisini kama ushahidi, na ofisi, ikiwa na ushahidi mkononi, haikuona sababu ya kuufuta ukurasa. Kitabu kilimlisha rubani, na rubani akakilisha kitabu.

Kinyume chake kilitokea Septemba 1941. Marubani wa Uingereza waliorudi kutoka anga la Ufaransa walianza kueleza kuhusu ndege mpya ya Kijerumani yenye injini ya mviringo na mbio zilizozishinda Spitfire zao. Ndege hiyo haikuwa katika vitabu vyao, kwa hiyo wapo wachambuzi waliowajibu kwamba huenda wameona Curtiss za Kimarekani ambazo Wajerumani waliziteka kwa Wafaransa. Ilikuwa Focke-Wulf Fw 190, mojawapo ya ndege hatari kuliko zote za vita ile. Kwa hiyo ndege isiyokuwepo iliaminiwa kwa kuwa ilikuwa na ukurasa wake, na ndege iliyokuwepo ilitiliwa shaka kwa kuwa haikuwa na wake.

Kitunze kijitabu chako, ndugu msomaji, wala usiukate ukurasa huo, kwani ndio wenye thamani kuliko kurasa zake zote.

SWALI: Marehemu babu yangu alikuwa askari wa keya, yaani wa King's African Rifles, kikosi cha Waingereza cha askari wa Afrika Mashariki, na alipelekwa Burma mwaka 1944. Alizoea kutusimulia jinsi ndege za "Zero" zilivyopita juu ya vichwa vyao. Mjomba wangu, ambaye amesoma sana mambo ya vita, anasema Zero zilikuwa za wanamaji wa Japani na kwamba babu alikuwa akitupamba kwa hadithi. Nani mkweli? (Msomaji, Nyeri)

JIBU: Wote wawili, ila mjomba ameusema ukweli wake kwa ukali usiostahili. Zero, iliyotengenezwa na Mitsubishi, kweli ilikuwa ndege ya Jeshi la Wanamaji la Japani. Anga la Burma lilikuwa mikononi mwa Jeshi la Nchi Kavu la Japani, ambalo lilikuwa na ndege zake lenyewe, na iliyojulikana zaidi kati ya hizo ni Nakajima Ki-43, ambayo Wajapani waliiita Hayabusa na Wamarekani wakaipa jina la siri la "Oscar". Ukiziweka ndege hizo mbili kando kwa kando uwanjani, tofauti zinaonekana: Ki-43 ina kiwiliwili chembamba zaidi, na bunduki zake mbili ziko puani, ilhali Zero ina mizinga ya milimita 20 ndani ya mabawa. Ukizitazama ukiwa ndani ya handaki lenye tope katika bonde la Kabaw, huku umeinamisha kichwa, zote ni ndege yenye mabawa ya chini, injini ya mviringo na duara jekundu.

Wala si askari wa keya peke yao waliokosea. Marubani wa Kimarekani waliokuwa katika utumishi wa China, ambao walipigana juu ya Rangoon kuanzia Desemba 1941, waliandika "Zero" katika taarifa zao mara nyingi, wakati ndege walizopigana nazo zilikuwa Ki-43 na Ki-27. Na Ki-27 ina magurudumu yasiyokunjwa, jambo ambalo mtu angedhani halimpiti rubani.

Nao waliotoa majina walikuwa na makosa yao. Mwaka 1942, huko Australia, ofisi ya ujasusi ya Marekani ilianza kuzipa ndege za Japani majina mafupi ya watu ili ziwe rahisi kukumbukwa. Zero ilipoonekana ikiwa na ncha za mabawa zilizokatwa mraba, ilidhaniwa kuwa ndege mpya kabisa, ikapewa jina la "Hap". Jina hilo likabadilishwa haraka kuwa "Hamp", kwa kuwa mkuu wa Jeshi la Anga la Marekani, Jenerali Arnold, alikuwa akiitwa Hap na wenzake. Baadaye ikagundulika kwamba haikuwa ndege mpya bali ni toleo jingine la Zero ileile. Orodha hiyohiyo ilikuwa na "Mike" na "Fred", yaani Bf 109 na Fw 190 za Kijerumani, kwa dhana kwamba Japani ingezitumia. Hakuna kikosi cha Japani kilichoingia nazo vitani. Mwambie mjomba kwamba ikiwa ofisi nzima iliyokuwa na picha na darubini ilichanganyikiwa hivyo, babu anastahili kusamehewa.

SWALI: Nafundisha vijana wa skauti, na ningependa kuwafundisha kutambua ndege kama zoezi la macho na kumbukumbu. Nimesoma kwamba majeshi yalibishana kuhusu njia bora. Walibishania nini? (Mwalimu, Dodoma)

JIBU: Walibishana kama ndege ijulikane kwa viungo vyake au kwa umbo lake zima. Njia ya viungo humtaka mwanafunzi atazame mambo manne kwa utaratibu: mabawa, injini, kiwiliwili na mkia. Herufi za mwanzo za maneno hayo kwa Kiingereza huunda neno WEFT, na ndivyo Wamarekani walivyoiita. Askari wao, kwa mzaha wa kambini, waliligeuza neno hilo kuwa kifupisho cha sentensi isiyochapika gazetini, yenye maana kwamba ukiitumia utakosea kila mara. Mzaha huo ulikuwa na chanzo chake, kwani mwanafunzi aliyekariri kwamba ndege fulani ina mabawa yaliyochongoka na mkia wa mviringo alikuwa bado anajisomea orodha kichwani wakati ndege ilikwisha kupita.

Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilimgeukia Samuel Renshaw, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Ohio State, ambaye alifundisha kwa kumulika picha ukutani kwa muda mfupi sana, hadi sehemu ya mia ya sekunde, ili mwanafunzi aitambue ndege kama anavyoutambua uso wa ndugu yake bila kuhesabu pua na masikio. Njia hiyo ilipendwa sana wakati wa vita. Hata hivyo WEFT haikufa, na hadi karne hii imeendelea kufundishwa katika miongozo ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Kwa maoni yangu sababu ni rahisi: mtu anayeitambua ndege kwa umbo zima hawezi kumweleza mkubwa wake kwa nini anasema ni hiyo, na jeshi ni mahali ambapo kila jambo huulizwa sababu.

Kosa lililo kubwa zaidi, ambalo njia zote mbili zililirithi, lilikuwa katika michoro. Miongozo ya zamani ilionyesha kila ndege kwa vivuli vitatu: kutoka mbele, kutoka ubavuni na kutoka chini, kila kimoja kikiwa kimenyooka kama mchoro wa seremala. Ndege halisi haikai hivyo hata mara moja. Inapokuja huwa imeinama, bawa moja limeficha mkia, jua liko nyuma yake, na sehemu iliyo karibu nawe inaonekana kubwa kuliko iliyo mbali. Ndiyo maana vinyago vya mbao vilisaidia kuliko karatasi. Mwaka 1942 shule za Marekani ziliombwa zichonge vinyago 500,000, yaani aina 50 za ndege na vinyago 10,000 kwa kila aina, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Ukikishika kinyago cha kipimo hicho umbali wa mita 10 kutoka kwa kijana, anakiona kwa ukubwa uleule ambao angeiona ndege halisi ikiwa umbali wa mita 720. Mwalimu, anza hapo. Mti laini, kisu, rangi nyeusi na uwanja wa shule vinatosha. Kizungushe kinyago polepole mbele ya mwanga, na umwache kijana aseme jina kabla hujamwuliza mabawa yakoje.

SWALI: Niliwahi kusikia kwamba ndege za kivita za Marekani zilitungua helikopta za Marekani mchana kweupe, marubani wakiwa wamezitazama kwa macho yao. Siamini. Helikopta zile si zilikuwa na bendera? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ilitokea tarehe 14 Aprili 1994, kaskazini mwa Iraki. Baada ya Vita vya Ghuba, Marekani na washirika wake walikuwa wakililinda eneo la Wakurdi, na ndege za Iraki zilikatazwa kuruka kaskazini mwa latitudo ya 36. Asubuhi hiyo helikopta mbili aina ya Black Hawk zilikuwa zikipita bondeni, chini kabisa, zikiwa na watu 26. Ndege mbili za F-15 ziliziona kwenye rada, zikauliza kwa mtambo wa utambulisho, unaotuma swali la redio ili ndege ya kirafiki ijibu yenyewe, na hazikupata jibu lililotakiwa, kisha zikashuka kwenda kuzitazama. Rubani kiongozi alipita juu na kando ya helikopta ya nyuma, akatamka kwamba ni Hind, yaani Mi-24 ya Kirusi ambayo Iraki ilikuwa nayo. Alikuwa na kijitabu cha vivuli ndani ya chumba chake, akakitazama ili ajithibitishie, na kikamthibitishia. Mwenzake alipita naye, akajibu kwamba ameziona mbili, bila kusema ni za aina gani. Jibu hilo likachukuliwa kuwa ni uthibitisho. Helikopta zote mbili zikatunguliwa. Wote 26 walikufa: Wamarekani 15, na wengine Waingereza, Mfaransa, Waturuki na Wakurdi.

Sikusudii kuubebesha mwongozo mzigo wote. Mtambo wa utambulisho wa helikopta uliwekewa namba isiyofaa kwa eneo lile, na wahudumu wa ndege ya rada iliyokuwa ikisimamia anga hawakuwaambia marubani kwamba helikopta za kirafiki zipo. Lakini tuitazame sehemu ya macho, kwa kuwa ndiyo uliyouliza. Black Hawk ya kawaida haina vijibawa ubavuni. Hind inavyo, vifupi, vya kubebea silaha, navyo ni alama ya kwanza ambayo kila mwanafunzi hufundishwa kuitafuta. Black Hawk zile mbili zilikuwa zimefungwa matangi ya nje ya mafuta kwa ajili ya safari ndefu, na matangi hayo hutundikwa chini ya vijibawa. Marubani hawakuwa wamefunzwa kuitambua Black Hawk ikiwa katika hali hiyo. Tena picha nyingi za helikopta walizofundishiwa zilipigwa kutoka chini au ubavuni, kwa sababu wanaohitaji zaidi kutambua helikopta ni askari walioko ardhini, ilhali rubani wa F-15 huitazama helikopta kutoka juu, akiwa na mbio zinazozidi za helikopta mara kadhaa, ikiwa na rangi ya kijani juu ya bonde la kijani.

Hebu upimie haki mwongozo huo. Hakuna mstari wake hata mmoja uliokuwa wa uongo. Hind kweli ina vijibawa, na Black Hawk iliyochorwa kweli haina. Mhariri angeusoma wote kwa kalamu nyekundu asikute la kusahihisha, kwani kosa lilikuwa katika picha ambayo haikuwekwa.

Kuhusu bendera, ndiyo, zilikuwepo, zaidi ya moja kwa kila helikopta, lakini marubani hawakuziona. Hili nalo lina historia. Hadi Mei 1942 nyota nyeupe ya ndege za Marekani ilikuwa na duara jekundu katikati. Likafutwa kwa hofu kwamba mpiga mzinga akiona wekundu atadhani ni jua la Japani. Mwaka 1943 nyota ikaongezewa pau mbili nyeupe kando, baada ya kubainika kwamba kwa mbali jicho hupoteza rangi kabla ya kupoteza umbo. Ajabu ni kwamba alama hiyo mpya ilizungushiwa ukingo mwekundu, na baada ya miezi michache tu ukingo ukabadilishwa kuwa wa buluu kwa hofu ileile ya mwaka uliotangulia.

Usiku wa tarehe 11 Julai 1943, ndege 144 za Marekani zilizobeba askari wa miavuli kwenda Sisilia zilipita juu ya meli na mizinga ya upande wao wenyewe, na 23 zikatunguliwa. Kabla ya kutua Normandy Juni 1944, majemadari hawakuwaamini tena wasomaji wa vivuli: waliamuru ndege zipakwe mistari mipana mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, kwenye mabawa na kiwiliwili. Mistari ile huonekana vizuri sana katika picha za makumbusho, na watu huipenda kama pambo. Mimi nikiiona nakumbuka kwamba ilipakwa kwa sababu vitabu vilikuwa vimeshindwa kazi.

SWALI: Mwanangu ana seti ya karata za jeshi zenye vivuli vya ndege, zimegawanywa rafiki na adui. Anazijua zote. Je, anajifunza jambo la kweli? (Mzazi, Unguja)

JIBU: Maumbo anajifunza vizuri, na karata ni chombo kizuri kwa kazi hiyo. Majina yachukuliwe kwa tahadhari, maana kwa miaka mingi miongozo ya Magharibi iliiita Su-24 ya Kisovieti "Su-19", na Tu-22M ikaitwa "Tu-26", kwa sababu majina halisi yalikuwa siri na watu walikisia. Mgawanyo wa rafiki na adui ndio ningeushuku zaidi. Ndege huuzwa, hurithiwa na huigwa. Ujerumani ilipoungana mwaka 1990 ilirithi MiG-29 za upande wa mashariki, ikazirusha kama mwanachama wa NATO, kisha ikazikabidhi kwa Poland. Mwanzoni mwa mapigano ya Ghuba ya 1991, Ufaransa ilizizuia Mirage F1 zake zisiruke, kwa kuwa Iraki nayo ilikuwa na Mirage F1 ilizouziwa na Ufaransa hiyohiyo. Na katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ndege za kivita za Tanzania na za Uganda zilikuwa za ukoo mmoja wa MiG, nyingi za Tanzania zikiwa zimepitia viwanda vya China na za Uganda zikitoka Urusi. Mtu wa Kagera aliyeinua uso angani asingeweza kujua kwa umbo peke yake ni nani anayekuja.

Mwambie mwanao aitoe karata ya Black Hawk, aichunguze kama ina vijibawa na matangi au haina. Kama haina, achukue penseli na kuvichora.